Mshumaa wa Venansia

Nta ya nyuki ikianza kuyeyuka, nyumba nzima inajua. Harufu yake haipigi hodi. Juzi nilikuwa natoka dukani kwangu hapa Isevya, na kabla sijavua viatu mlangoni nikaisikia: tamu, nzito, ina moshi kidogo ndani yake. Wanangu walikuwa wameshafungua madirisha yote na kuziba pua kwa fulana zao, wakilalamika kwamba bibi leo kaunguza nini tena. Mama yangu alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, anakoroga kwenye sufuria ninayoipenda kwa wali, wala hakujisumbua kunitazama. Kila mwaka ananiharibia sufuria moja. Nimeshazoea.

Nilivuta kigoda nikakaa kando yake, na palepale nikarudi kuwa na miaka kumi. Ngojeni niwasimulie, maana jambo hili nimelikalia siku nyingi, na aliyeharibu mambo humo ndani ni mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Baba yangu, Athanasi, alikuwa Mrundi aliyeingia nchi hii akiwa kijana, kwa miguu, mwaka ule watu wa kwao walipokimbia. Alipewa shamba kama wenzake, akalima tumbaku kama wenzake, lakini tumbaku aliilima shingo upande. Moyo wake ulikuwa kwenye nyuki. Mama ni Mnyamwezi wa Puge, kule Nzega. Alikuja Ulyankulu kumsaidia shangazi yake aliyejifungua, akamwona mwanamume mrefu, mkimya, ananukia moshi, na safari ya kurudi Puge ikaishia hapo. Babu alipokea ng'ombe wa mahari, wazee wakala wakanywa, ikawa ndoa. Kidesturi ilikuwa imekamilika. Kanisani ilikuwa bado, na hiyo "bado" ilidumu zaidi ya miaka kumi na mitatu.

Kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa na kuta za matofali mabichi na bati lililokuwa likilia jua likipanda. Mama ndiye aliyefua vitambaa vya altare na kuvinyoosha kwa pasi ya mkaa. Ndiye aliyefagia, ndiye aliyepanga maua ya porini kwenye makopo ya maziwa. Lakini ulipofika wakati wa komunyo, watu wakiinuka benchi kwa benchi, mama alibaki amekaa. Alikuwa na namna yake ya kukunja magoti kuyapeleka upande mmoja ili wenzake wapite. Walimpita wakienda, walimpita wakirudi, na yeye anatazama vidole vyake. Baba alikuwa upande wa wanaume, naye amekaa vilevile. Sikujua bado kwamba wanaoishi bila ndoa ya kanisani hawapokei; kwa akili yangu nilidhani mama ana aibu ya kutembea mbele za watu.

Walimwengu hawana dogo. Siku moja kwenye sala ya jumuiya, mama mmoja jirani yetu, ambaye ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko kanga yake, alisema mbele ya wote kwamba wapo wanaofua kitambaa cha meza wasiyoruhusiwa kula. Wengine wakacheka, wengine wakajidai kukohoa. Mama akaendelea kumenya karanga. Lakini usiku ule vitambaa alivinyoosha mara mbili, na mimi ndiye niliyempelekea mkaa.

Kitu kingine cha nyumbani kwetu kilikuwa mshumaa. Kila mwaka, mvua zikikaribia, baba alichukua nta ya mzinga wake wa kwanza, mzinga wa magome aliokuwa ameutundika tangu anafika nchi hii, akaiyeyusha na kutengeneza mshumaa mmoja mnene, wa manjano, uliopinda kidogo. Akaupeleka kanisani pamoja na kikaratasi cha nia ya misa. Katekista alikisoma mbele ya watu: misa hii ni ya kumwombea Venansia. Basi. Venansia peke yake. Wengine waliombewa marehemu fulani, marehemu fulani, lakini huyu hakuwa na "marehemu". Nilipomuuliza mama ni nani, alinijibu kwamba ni ndugu yetu, nikachote maji.

Nilipofika miaka kumi nikaingia mafundisho ya komunyo ya kwanza, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Katekista wetu, Mzee Rafaeli, alikuwa mkali, fimbo yake ya mpera hakuiacha nyumbani hata siku moja, na mimi nilikuwa najibu maswali yote. Msinicheke, nilikuwa najua hata yasiyoulizwa. Tulipofika kwenye sakramenti ya ndoa, Mzee Rafaeli alituuliza wazazi wetu wanasaini mkataba wa nini kila mwaka. Tukasema wa tumbaku. Akasema vizuri, na msimu ukiisha mkataba unakuwaje? Unaisha. Akapiga fimbo mezani na kusema ndoa si mkataba, ndoa ni agano. Mungu mwenyewe yumo ndani. Haliishi msimu ukiisha, haliishi mvua zikikataa, haliishi mmoja akienda mbali, linaachia kwa kifo tu. Tulirudia mpaka tukapaza sauti kama wauza samaki.

Mwaka huohuo tukaletewa paroko mpya, kijana, ana pikipiki. Akatangaza kwamba wote wanaoishi bila ndoa ya kanisani waje waandikishwe, na ndoa zao zitabarikiwa siku ileile ya komunyo yetu, ili mzazi na mtoto wale pamoja meza moja. Nakumbuka jinsi mama alivyotoka kanisani siku hiyo. Alitembea haraka, akatuacha nyuma mimi na wadogo zangu wawili, na alipofika nyumbani akafungua sanduku akatoa kitenge ambacho sikuwahi kumwona amekivaa. Wiki nzima aliimba. Aliimba akitwanga, aliimba akikamua, alikuwa anaimba hata akitugombeza. Baba alikubali waandikishwe. Sikumsikia akibishana. Ila niliona kwamba chakula anakiacha, na mimi na wadogo zangu tulikuwa tunafurahia kumalizia.

Yakasomwa matangazo ya ndoa, Jumapili ya kwanza kati ya tatu. Mzee Rafaeli alisoma majina ya jozi zote, baba na mama wakiwa wa nne, kisha akafunga kitabu kwa maneno yaleyale ya siku zote, kwamba yeyote anayejua kizuizi chochote anawajibika kumjulisha paroko. Wakubwa wamesikia maneno hayo mara mia, hawayasikii tena. Mimi niliyasikia.

Katikati ya wiki hiyo nikaenda na baba porini kuandaa mizinga mipya. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moto na kumpa nta iliyolainika, naye anaipaka ndani ya mzinga ili nyuki wakiisikia harufu waje wenyewe. Baba alikuwa na sharti moja porini: hakuna kugombana na hakuna kudanganya penye mizinga. Alisema nyuki wanajua, wanahama. Sijui alilipata wapi, lakini alilishika kweli, na mimi nililijua. Ukitaka jibu la kweli kwa baba unamuulizia huko.

"Baba," nikasema, "Venansia ni nani?"

Aliendelea kupaka nta.  Kisha akajibu bila kugeuka, "Ni mke wangu."

Akanieleza kwa maneno machache, kwa Kirundi, lugha aliyoitumia akiwa hana nguvu za kutafuta nyingine. Walifunga ndoa kanisani kwao, wakakaa miezi minne. Wakakimbia. Kwenye kuvuka mto Malagarasi watu walikuwa wengi, ikawa vurugu, wakapotezana, na tangu hapo hajamwona wala kumsikia. Aliuliza kambi hadi kambi mpaka watu wakaanza kumkwepa.

"Amekufa?"

"Sijui, mwanangu. Ningejua, ningekuwa nimeshamlilia."

Hakuniambia ninyamaze. Hata hilo nimelifikiria sana. Alinipa mzinga nishike upande mmoja, tukautundika.

Jamani, niliogopa.  Agano linaachia kwa kifo tu, hayo nimeyajibu mwenyewe mbele ya darasa. Venansia hana "marehemu". Basi baba yangu ana mke, na anakwenda kufunga ndoa na mama yangu mbele ya Mungu, siku ninayopokea Yesu kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye ninayejua. Nilijiona nimebeba kanisa zima. Ikapita Jumapili ya pili, maneno ya kizuizi yakasomwa tena, nikaona Mzee Rafaeli ananitazama mimi. Hakuwa ananitazama, lakini nani angenishawishi?

Jumamosi paroko akaja kutuungamisha sisi wa komunyo. Nikapiga magoti, nikafanya ishara ya msalaba, na badala ya kusema nimepigana na mdogo wangu na nimeiba sukari, nikaanza kuungama dhambi za baba. Padre akanikatiza. Akasema kwa upole kwamba hapa kila mtu huleta zake, za baba yangu baba yangu atazileta mwenyewe, na kwamba yanayosemwa hapa hayatoki. Mtoto mwenye akili angeshukuru na kwenda zake. Mimi nikaungama sukari, nikapewa Salamu Maria tano, nikazisali, halafu nikaenda kumsubiri kwenye pikipiki. Alipotoka nikamwambia upya yote, kuanzia Malagarasi. Nikamalizia kwa kusema kwamba sasa hatupo kitubioni.

Yule padre kijana alijipangusa uso kwa kiganja. Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema sijui. Akaweka kofia yake juu ya kiti cha pikipiki na kumtuma mtu amwite baba. Baba hakukana hata neno moja. Alikiri kwamba siku ya kuandikishwa, alipoulizwa kama amewahi kufunga ndoa, mkono ukiwa juu ya Biblia, alisema hapana.

Jumapili ya tatu Mzee Rafaeli alisoma majina, akafika jozi ya tatu, akaruka kwenda ya tano. Kanisa likageuza shingo.

Mama hakuuliza nyumbani mpaka amalize kuosha vyombo. Kisha akauliza tu, nani aliyesema. Nikajibu ni mimi, tena kwa sauti ya darasani. Nadhani nilikuwa nasubiri sifa. Akaweka sufuria chini. Akasema, "Haya." Na kuanzia hapo ilikuwa anamtuma mdogo wangu kwangu: mwambie dada yako achote maji, mwambie dada yako aanike mpunga. Nimesimama mbele yake, na bado mdogo wangu ananifikishia ujumbe. Kitenge kikarudi sandukuni. Kuimba kukaisha.

Lakini gauni langu jeupe alilinyoosha yeye, na viatu akaviweka juani vikauke. Siku ya komunyo jozi zile zilibarikiwa, vigelegele vikapigwa, na zamu yetu watoto ikafika. Tulikuwa tumekaa na wazazi wetu. Nikainuka. Ili nitoke kwenye benchi ilinibidi nimpite mama. Akakunja magoti yake, akayapeleka upande, kama alivyokuwa akifanya kwa kila mtu, ili mimi nipite.

Sikumbuki ladha ya komunyo yangu ya kwanza. Nakumbuka magoti ya mama yangu. Nilirudi nikalia mpaka Mzee Rafaeli akaniambia watu hawapokei Yesu kwa makamasi.

Wiki iliyofuata baba alinichukua tena porini. Nilimuuliza kama amenikasirikia. Alipuliza moshi kwanza.

"Mimi umenitua mzigo," akasema. "Lakini umemtwisha mama yako."

Paroko, kusema haki, hakuliacha hapo. Aliandika barua kwenye parokia za makazi mengine ya wakimbizi na za njia nzima ya kwenda Kigoma, jina la Venansia likasomwa makanisani huko tusikokujua. Zikapita mvua, zikapita nyingine. Mama aliendelea kufua vitambaa. Na kila mwaka mshumaa wa baba ulikwenda kanisani na karatasi yake, isiyo na "marehemu".

Ilikuwa mwaka wa pili, mchana wa jua kali, pikipiki ya padre ilipoingia uwanjani kwetu ikiwa imempakia mama mmoja mzee, amefunga kitambaa cheusi. Alikuwa binamu wa Venansia. Aliketi, akapewa maji, akayanywa yote, kisha akaeleza. Venansia alivuka salama. Alimtafuta mume wake, akaambiwa wamepita kaskazini, akaenda kaskazini. Akaugua homa mvua za kwanza tu, akafa, na yeye huyu bibi ndiye aliyemfumba macho. Mvua za kwanza. Baba alikuwa hajafika hata Ulyankulu.

Baba aliinuka akaenda kusimama nyuma ya jiko, na tulisikia sauti ambayo sikujua kama anayo. Mama alibaki na wageni. Nilimtazama, maana nilikuwa na miaka kumi na miwili sasa na nilishaanza kuelewa: mlango umefunguka. Nilidhani atatabasamu, hata kidogo, akisahau. Badala yake alikwenda ndani akatoa mikeka yote, akaitandika uani, akafungua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni, akakaa chini, akanyoosha miguu kama mfiwa. Majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini.

"Tumefiwa," akasema. "Venansia wetu amefariki."

Yule jirani mwenye ulimi alikuwa wa kwanza kuelewa. Akakaa mkekani pamoja naye. Tukaomboleza siku tatu, msiba kamili, uji, nyimbo, sala, kwa ajili ya mwanamke ambaye pale uani hakuna aliyewahi kumwona ila wawili. Mama alilia kuliko wote. Wengine wakasema anajipendekeza kwa mume. Mimi mwenyewe sikuelewa analilia nini.

Baada ya miezi kadhaa wakafunga ndoa, jozi moja tu, siku ya kawaida, kanisa nusu tupu. Kitenge cha sandukuni kilikuwa kimeanza kupauka kwenye mikunjo. Baba alipofika kwenye maneno ya kifo, sauti ilikatika, padre akamngoja, na mama naye akamngoja, amemshika mkono, hana haraka yoyote. Ulipofika wakati wa komunyo, mama akainuka. Nilikuwa mwisho wa benchi. Nikakunja magoti yangu, nikayapeleka upande, akapita.

Nimeolewa mwaka wa kumi na saba sasa. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba siku ile kwenye pikipiki mimi ndiye niliyelilinda agano, maana nililijua kwa kichwa. Sikujua nilikuwa nakula nalo sahani moja. Lilikuwa ni baba, ambaye mtu alimpotea mtoni naye hakumwacha, miaka ishirini, na alipoamua kusema uongo mmoja maishani ili mama yangu apate haki yake, ukamzuia kula. Lakini mama sikuwa nimemwelewa bado. Nilimwelewa juzi, hapo jikoni, mbele ya sufuria yangu iliyoharibika.

Baba ametuacha mwaka wa tatu huu, na mshumaa sasa anautengeneza mama. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, kwa nini asinunue mshumaa dukani kama watu. Alikuwa anamimina nta kwenye bomba la mwanzi, pole pole.

Akasema kwamba alijua habari za Venansia tangu siku ya kwanza, kabla ya mahari, baba alimweleza yote, naye akakubali kungoja mpaka ijulikane yuko wapi. Na kwamba ule uongo wa kwenye Biblia, yeye ndiye aliyeuomba, kwa magoti, kwa sababu alitaka tule pamoja siku yangu. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Kila Jumapili watu wakinipita pale, mimi nilikuwa naomba nisikie huyu mwanamke amekufa. Miaka yote ile. Hajanikosea chochote. Kumbe namwombea kifo mtu aliyekufa zamani, yuko peke yake kaburini, hana hata wa kumwashia mshumaa ila baba yako."

Akapangusa mikono kwenye kanga. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo karatasi ya nia ya misa naiandika mimi. Nikachukua kalamu, nikaanza, marehemu Athanasi. Akanishika mkono.

"Mwandike Venansia kwanza," akasema. "Yeye ndiye aliyetangulia."

Nikachukua karatasi nyingine. Marehemu Venansia. Chini yake, marehemu Athanasi. Nilitaka kupiga mstari chini ya majina, kama tunavyofanya siku zote, akasema nisipige.

"Acha nafasi hapo chini, mwanangu."

Nikaiacha.